Kwenda Kinosaki kwa treni wewe na mwenzio: namna ya kupanga tokea nyumbani mpaka kwenye maji

Tokea tumerudi watu wananiuliza mambo yaleyale. Mlifikaje, mlikula nini, na lile ambalo wanawake wenzangu hunivuta pembeni kuniuliza, mlikoga vipi na kule watu wanakoga uchi? Basi naandika yote hapa pamoja ili mwenye nia apange bila ya kubahatisha. Sisi tulikwenda mwisho wa Novemba, mie na bwana wangu, tumetimiza miaka kumi ya ndoa, watoto tukawaacha Wete kwa bibi yao, na katika safari yote ya Japani zile siku mbili za Kinosaki ndo tunazozizungumza mpaka leo.

Kinosaki ni mji mdogo wa maji ya moto mkoa wa Hyogo, upande wa Bahari ya Japani, mbali na zile taa za Osaka. Maji yanatoka ardhini yenyewe yakiwa moto, yana chumvichumvi ukiyaonja, na wenyewe wanasema watu wanakoga hapo tokea miaka 1,300 nyuma. Katikati ya mji unapita mto mwembamba, vidaraja vya mawe, miti ya matawi ya kuning'inia mpaka karibu na maji, nyumba za mbao huku na huku. Mji wote uliharibika kwa tetemeko la Mei 1925 wakaujenga upya, lakini ukipita usiku unaona kama haujaguswa.

Mie nimekulia Bububu, Unguja, na juu yetu tu ndo Kidichi, lile hamamu alilojenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na mjini iko Hamamni ya Seyyid Barghash. Kwa hivyo habari ya mtu kutoka kwake kwenda kukoga maji ya moto, akakaa, akapumzika, si ngeni kwetu hata kidogo, ni vile sisi tumebakiwa na majengo makavu na wenzetu maji bado yanatoka.

Sasa hapa ndo pa kusikiliza. ANZA NA BAFU, usianze na tiketi ya ndege. Watu wengi wanakata ndege, wanapanga treni, halafu hoteli wanachukua yoyote iliyobaki, na kwa safari hii hilo ndo kosa kubwa kuliko yote. Kinosaki kuna hamamu saba za umma na mgeni anaelala kwenye nyumba za wageni za pale anapewa pasi ya kuingia zote bure, mashallah, lakini hamamu hizo wanaume mbali wanawake mbali na kila mtu anaingia bila ya nguo, nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Maana yake nini? Kwanza suala la stara, sisi hata mwanamke kwa mwanamke mwenzake ana mipaka yake. Pili, umesafiri siku nzima na mume wako halafu jioni yote yeye yuko upande wake wewe upande wako, mnakutana nje mmeshalowa. Hata wasiokuwa Waislamu wanalalamikia hilo.

Dawa yake ni neno moja, likariri: kashikiri-buro. Ni bafu la maji yaleyale ya ardhini ila mnalichukua nyinyi wawili peke yenu, mnafunga mlango kwa ndani, kwa kawaida kama dakika 40 au 50. Wengine wanaliita kazoku-buro, yaani bafu la familia. Nyumba nyingi za wageni za Kijapani, zile wanazoziita ryokan, wanalo, pengine bure pengine kwa malipo, pengine unaandikisha saa ukifika na pengine inabidi uandikishe kabla. Na zipo ryokan zenye vyumba vyenye bafu lake kibarazani, hizo ghali lakini mnakoga saa mnayotaka, alfajiri, usiku wa manane, hakuna wa kukugongea. Ukiandika kuulizia uliza mambo matatu: lipo bafu la kukodi peke yetu, linaandikishwa vipi, na maji yake ni onsen, yaani yale ya moto ya ardhini, au ni maji ya mfereji yaliyochemshwa tu, maana vyumba vyengine vina bafu zuri la mbao lakini maji ya kawaida, na wewe hukutoka Zanzibar kwenda kukoga maji ya mfereji. Kwa mdomo unasema "kashikiri-buro arimasu ka?" na wanakuelewa vizuri.

Bei ya ryokan inahesabiwa kwa kichwa si kwa chumba, hilo liliwachanganya rafiki zetu wakadhani wameona rahisi kumbe ni mara mbili. Na mara nyingi ndani yake kuna chakula cha usiku na cha asubuhi. Jumamosi inapanda sana, nenda katikati ya wiki. Kuna na kodi ndogo ya maji ya moto, yen 150 kwa mtu kwa usiku, usishtuke ukiiona kwenye risiti. Bakshishi hawapokei, usiwalazimishe.

Viza ni ubalozi wa Japani Dar, kwa hivyo hesabu na safari ya boti au ndege ya kuvuka. Ndege tafuta ya kushukia Osaka, uwanja wa Kansai, usishukie Tokyo kama lengo lako ni Kinosaki, kutoka Tokyo ni mbali bure. Sisi tulipitia Doha. Saa za kule ziko mbele yetu sita, siku ya mwanzo usipange kitu, laleni Osaka au Kyoto, mwili uzoee kwanza.

Sasa treni, na hapa nitakaa kidogo maana ndo pana mambo.

Kwetu treni ilikuwepo, reli ya Bububu ya mwaka 1905 kutoka mjini mpaka kwetu, lakini hata wazee wetu wengi hawakuiwahi. Kama hujawahi kupanda treni maishani mwako nakushauri kwa dhati, ukienda Dar kwa ajili ya viza panda SGR hata mpaka Morogoro tu ukarudi, ujue behewa ni nini, namba ya siti inasomwaje, geti linapitwaje. Sisi tulifanya hivyo na ilitusaidia.

Kutoka Kyoto kuna treni ya haraka inaitwa Kinosaki, jina la mji wenyewe, inachukua kama saa mbili na nusu. Kutoka Shin-Osaka iko Kounotori, hiyo karibu saa tatu. Iko na nyengine Hamakaze inayotoka Osaka kupitia Himeji. Zile zinazofika mpaka Kinosaki hazihitaji kubadilisha treni, unakaa mpaka unashuka. Kounotori maana yake korongo, yule ndege mweupe mrefu, na hadithi ya mji ni kuwa korongo aliyeumia mguu alionekana akiutia kwenye maji ya moto mpaka ukapona, ndo watu wakayajua maji. Makorongo hao wa porini walimalizika Japani nzima mwaka 1971, na palepale Toyooka, stesheni kubwa kabla hujafika, wakawafuga kwa miaka mingi mpaka mwaka 2005 wakaanza kuwaachia tena, ukibahatika unawaona kwenye mabonde ya mpunga. Mie nilimuona mmoja kasimama peke yake na nilinyamaza kimya mpaka akapotea dirishani.

Tiketi. Kwenda tu kutoka Kyoto ni kama yen elfu tano kwa mtu. Lakini kuna pasi ya wageni ya JR West, kampuni ya reli ya huko, inaitwa Kansai Wide Area Pass, siku tano mfululizo, tulipokwenda ilikuwa yen 12,000, na ndani yake imo treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Kansai inayoitwa Haruka, imo ya kwenda na kurudi Kinosaki, na ukitaka kwenda Himeji kuona ile ngome au Kobe pia imo. Piga hesabu mwenyewe, ukienda Kinosaki na kurudi tu umeshafika elfu kumi. Ile pasi ya Japani nzima ya siku saba ilipandishwa Oktoba 2023 mpaka yen 50,000, kwa safari hii usiiguse.

Ukishapata pasi hujamaliza. Nenda kwenye mashine au kaunta ukaandikishe siti, khasa msimu wa kaa, yule wa baharini, na siku za Ijumaa na Jumamosi. Ukiwa huna pasi, treni za haraka zina tiketi mbili, moja ya safari na moja ya uharaka na siti, getini unazitia zote mbili pamoja zikiwa zimeshikana, zinatokea upande wa pili, ZICHUKUE, ukiziacha utakwama stesheni ya kushukia.

Saa zimeandikwa za 24. Usijitie kwenye kugeuza saa za Kiswahili kichwani wakati unakimbilia treni, acha simu yako iwe 24 tokea nyumbani. Treni ya 13:25 inaondoka 13:25. Fika mapema maana stesheni ya Kyoto ni kubwa na majukwaa ya treni hii yako pembeni kabisa, unatembea hasa. Chini pameandikwa behewa namba gani linasimama wapi, na watu wanapanga foleni hapo, na wewe panga.

Hili sasa lilitupata sisi. Baadhi ya treni za Kinosaki zinatoka Kyoto zimeunganishwa na nyengine inaitwa Maizuru, mwili mmoja, halafu zikifika stesheni ya Ayabe zinakatwa, hii huku na ile kule. Tulichelewa kwa ajili ya mabegi, tukaingia mlango wa karibu tukakaa tunapumua, tunapiga picha, tunakula tende. Tulikuwa upande wa Maizuru. Konda alipopita kuangalia tiketi akazitazama, akatutazama, akasema "Ayabe, Ayabe" na kwa mikono yake akatuonesha kitu kinatengana. Tulikuwa na muda wa kushuka stesheni ya katikati tukakimbia mpaka mabehewa ya upande wa pili, lakini moyo wangu ulikwenda mbio mpaka Fukuchiyama. Kwa hivyo kabla hujaingia soma jina la treni na namba ya behewa ubavuni, na ukiwa na shaka muoneshe mfanyakazi yeyote tiketi yako bila ya kuona haya.

Mabegi makubwa usiende nayo. Acha hoteli yako ya Kyoto au Osaka au kwenye yale makabati ya stesheni ya kutia sarafu, chukua begi dogo la usiku mmoja au miwili. Ndani ya treni watu hawazungumzi na simu, wananong'ona tu, sisi tumezoea daladala na redio lakini ule ukimya nao una raha yake mkiwa wawili. Ukivuka Arashiyama unaingia kwenye bonde la mto Hozu, mahandaki na maji ya kijani chini, usilale hapo. Na ukishapita Toyooka kaa upande wa kulia, mto Maruyama unakuja mpana mpaka chini ya dirisha.

Chakula nacho kisikuharibie. Japani hawakuruhusu kuingiza nyama, kwa hivyo sambusa za nyama ziache nyumbani, na matunda pia. Visheti, tende, halua, korosho chukua. Kwenye treni vile vibumba vya wali vya onigiri ndo rahisi, lakini jua kitu kimoja, kwenye onigiri "sake" ni samaki salmoni, si pombe. Ule wa samaki mwekundu msiuogope kwa ajili ya jina, soma tu vilivyomo kwa kamera ya simu inayofasiri.

Ryokan ndo penye kazi. Chakula chao cha usiku ni visahani vingi vizuri kupita kiasi, samaki, mboga, wali, supu, lakini mchuzi wao mara nyingi una mirin na sake, hizo ni pombe, na ng'ombe wao maarufu wa Tajima hakuchinjwa kwa utaratibu wetu. Njia mbili. Moja, andika mapema, wiki mbili kabla si siku ileile, sema hatuli nyama wala nguruwe na hatutumii pombe hata kwenye mchuzi wala vitoweo, uulize wanaweza au hawawezi. Sentensi ya kuwaonesha, yaani hatuwezi kula nyama wala pombe: "Niku mo osake mo taberaremasen." Wakisema hawawezi washukuru, ni watu wa kweli, wangekubali kwa mdomo tu ungekuwa umekula usichokijua. Mbili, chukua chumba bila ya chakula cha usiku, ununue vyakula vyako njiani. Sisi tulipita Kobe siku moja kabla, ndo kwenye msikiti wa mwanzo Japani, umefunguliwa mwaka 1935, na karibu yake pana maduka ya vitu halali, tukachukua vya kutosha, na asubuhi ryokan wakatupa wali, yai, na samaki wa kuchoma kwa chumvi. Kama unakula kaa, msimu wa kaa wa huko unaanza 6 Novemba mpaka Machi, wanamchemsha kwa maji matupu au kumchoma, na ni mtamu sana, ila bei inapanda na vyumba vinajaa. Wako kwetu wasiokula kaa, kila mtu na msimamo wake.

Mkishuka Kinosaki stesheni ni ndogo, mji wote ni wa kutembea kwa miguu. Vyumba vingi vinafunguliwa saa tisa mchana, fikeni mapema mana Novemba na Disemba jua linazama kama saa kumi na moja jioni, Maghribi inakuja haraka na Alasiri ni fupi. Kibla magharibi ukivuta kidogo kaskazini. Na kusali pale raha tupu, mlangoni unavua viatu, ndani sakafu yote ni tatami, majani yamefumwa kama mkeka wetu wa ukindu ila mnene, safi, una harufu ya majani makavu. Bwana wangu alipoinuka kwenye sijda ya mwanzo akaniambia pananukia kama chumba cha bibi yake.

Chumbani mtakuta yukata, ile kanzu yao ya kufunga kwa mkanda. Upande wa kushoto unakuja JUU ya kulia, ukigeuza ndo wanavyomvisha maiti, kwa hivyo angalianeni. Mie nilivaa na fulana ya mikono mirefu ndani, suruali, na mtandio wangu juu, kisha lile koti lao fupi, na hakuna hata mmoja aliyenitazama vibaya. Viatu vya mbao vya geta vinapiga kelele mtaani usiku mzima, kwa-kwa-kwa, mji mzima unatembea hivyo.

Kukoga kwenyewe kuna utaratibu hata mkiwa peke yenu. Kwanza mnakoga kwa sabuni nje ya bafu, kuna kibao kidogo cha kukalia na bomba, mnajisuuza mpaka povu lote litoke. Ndo mnaingia, taratibu, miguu kwanza, maji yako kwenye nyuzi 40 mpaka 42 na wewe umetoka kwenye baridi, yanauma mwanzo halafu yanaachia. Sabuni isiingie, taulo isiingie, nywele zifunge juu. Dakika kumi mtoke, mkae, mnywe maji, mrudi tena. Mwenye presha, mwenye moyo, mwenye mimba amuulize daktari kabla hajatoka nyumbani, na ukisikia kichwa chepesi toka hapohapo. Vua pete za fedha. Na wekeni simu mbali, mna dakika hamsini tu, sisi tulizungumza mle ndani mambo ambayo kwa miaka miwili tulikuwa tunayapitishia juujuu kwa ajili ya kazi na watoto.

Kama mmekosa kashikiri siku hiyo, au mnataka nyongeza, mjini kuna vibafu vya miguu vya bure, mnakaa kwenye benchi na nguo zenu mnatia miguu tu. Sisi tulikwenda usiku, watu wameshapungua, nikakunja suruali kidogo chini ya yukata, tukakaa mpaka miguu ikawa myekundu. Chukueni kitaulo chenu.

Siku ya pili kama mna nusu siku nendeni Genbudo, mapango ya mawe meusi yaliyosimama kama nguzo zilizochongwa, ng'ambo ya mto, teksi inafika. Bwana wangu anasomesha sayansi skuli na hapo alisimama muda mrefu, maana mwaka 1926 profesa Motonori Matuyama alipima mawe ya hapo akakuta usumaku wake umeelekea kinyume na dira ya leo, ndo katika mambo yaliyowafanya watu wajue kaskazini na kusini ya sumaku ya dunia zimewahi kubadilishana.

Kutoka chumbani kwa kawaida ni saa nne asubuhi. Siti ya kurudi iandikisheni siku mliyofika, palepale stesheni, kabla hamjaenda ryokan, maana asubuhi wageni wote wanatoka kwa pamoja. Ukibaki na muda, pale chemchemi yenyewe inapotoka, karibu na kibanda cha kupandia juu mlimani kwa kamba, wanauza mayai mabichi kwenye wavu mnayachemsha wenyewe kwenye maji ya ardhini, dakika kumi hivi. Chukueni chumvi kidogo kwenye karatasi, mle manne, mawili mawili, na mawili ya njiani.